Marahaba Niliyoitikia Korongoni

Jumapili, saa za kanisani. Hapa Gongoni, Tabora, mvua imekatika tangu alfajiri lakini wingu halijaondoka, na uani kila kitu kimelowa. Mama na mke wangu wameenda ibadani. Mimi nimebaki na ndoo, brashi, sabuni ya unga na pikipiki ya marehemu ndugu yangu, na sina raha hata kidogo.

Nimewaambia nabaki kwa sababu tope likikauka halitoki. Ni kweli halitoki. Lakini hiyo siyo sababu.

Naandika kwa simu, kidole kimoja tu, kwa kuwa vingine vimejaa grisi. Kama kuna makosa ya herufi mnisamehe. Leo sijisikii kumaliza kuosha na sijisikii kwenda ndani. Nikiosha kidogo, nakaa juu ya ndoo, naandika kidogo.

Tope la mbuga huoshwa likiwa bichi. Mtu yeyote anayeendesha porini huku kwetu analijua hilo. Ukifika nyumbani, hata kama njaa inakukata utumbo, unaimwagia maji kwanza, chakula baadaye. Jana nilifika jua linazama, nikaiegemeza ukutani, nikaingia ndani bila kumjibu mtu, nikalala na soksi. Leo nalipia. Tope jeusi limegandamana kwenye spoki, limeziba chini ya madigadi mpaka tairi ya mbele haizunguki, limejaa kwenye mapezi ya injini. Nimejaribu brashi, nimejaribu kijiti. Mwishowe nimeleta mkasi wangu wa zamani, ule wa kukatia vitambaa vya makoti, nagongagonga nao kipande kimoja kimoja.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa. Ndugu yangu ndiye alikuwa mtu wa njia. Alikuwa bwana mifugo, anazunguka vijijini kuchanja ng'ombe, na siku za mapumziko anazunguka tena vijiji vilevile bila ng'ombe wala sindano, kwa raha zake tu. Nilikuwa namwambia, wewe una wazimu. Ananijibu kwamba mimi nitakufa nimekaa, na makalio yangu yatakuwa yameshachukua umbo la kiti.

Alikuwa anaitwa Kulwa. Mimi naitwa Doto. Kwetu hapo huhitaji kueleza zaidi, lakini kwa wasomaji wa mbali: ni majina ya mapacha, Kulwa anatangulia, Doto anafuata. Tulifanana mpaka walimu walikuwa wanatuchapa wote wawili ili wasikosee.

Sasa nimebaki na uso wetu peke yangu.

Dukani kwangu kuna kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Nimekihamisha nyuma ya pazia. Wateja wanadhani ni kwa ajili ya faragha, na wengine wamenisifu kwa hilo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nainua macho kutoka kwenye cherehani namwona Kulwa ameshika futi ya kupimia, ananitazama, na moyo unanienda mbio kabla sijakumbuka kwamba ni mimi. Nilipokwenda Bukene kwa wajomba baada ya msiba, mama mmoja aliyekuwa anauza karanga stesheni aliniona akaziacha karanga zake akaondoka. Sikumlaumu. Hata mimi ningeondoka.

Misimu miwili ya mvua imepita tangu alipofariki. Alikuwa anarudi Tabora kwa njia ya zamani, ile ya wapagazi, ambayo aliipenda kuliko lami. Alikuwa anasema watu walipita pale na mizigo mabegani kutoka pwani mpaka ziwani, sembuse yeye mwenye injini. Kuna korongo mbele ya kijiji ambacho sitakitaja. Kiangazi ni mchanga mtupu. Masika linaweza kuwa kavu asubuhi na mchana likabeba ng'ombe, kutegemea imenyesha wapi huko juu.

Mchunga ng'ombe aliyekuwa ng'ambo alitueleza alichokiona. Kulwa alisimama, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa pale kama maji yanapitika. Yule mama akasema yanapitika. Kulwa akaingia. Maji yakaja.

Tulimpata siku iliyofuata, na pikipiki ikapatikana imenasa kwenye vichaka. Jina la yule mama hatukuambiwa, na mama yangu hakutaka kuliuliza. Mimi nilitaka. Misimu miwili yote nimekuwa nikimfikiria huyo mtu nisiyemjua. Nashona huku namfikiria. Nilikuwa namtengenezea sura, mnene, mropokaji, mtu wa kujibu jambo asilolijua ili aonekane analijua. Nilimtakia mabaya, tena si mara moja. Naandika hivi nikiwa Mmoraviani niliyebatizwa.

Halafu kuna hili la mazishi. Sijui kama ni mila ya Wanyamwezi wote au ni ya ukoo wetu tu, lakini bibi yetu alishikilia kwamba pacha hamlilii pacha mwenzake, wala hatii udongo kaburini kwake, la sivyo anajiita mwenyewe. Mchungaji alijaribu kumweleza kwa upole, bibi akamsikiliza kwa upole zaidi, kisha wajomba wakaniingiza chumbani wakakaa na mimi mpaka watu waliporudi kutoka makaburini. Nilisikia nyimbo kwa mbali. Nilikaa nikatazama ukuta, macho makavu, kama nilivyoelekezwa. Baadaye nilipelekwa kuliona kaburi na nikaona tuta la udongo ambao watu wengine wote waliutia isipokuwa mimi. Kuna sehemu yangu mpaka leo haijakubali kwamba amezikwa. Inamsubiri arudi na pikipiki yake na kelele zake.

Pikipiki nikaitengenezesha. Mafundi walitoa mchanga ndani ya injini, ikawaka. Mke wangu aliniuliza ya nini, nikarudi kwenye cherehani. Kiangazi kilichopita nikajifunza kuiendesha, mimi mtu wa kukaa, nikiwa na buti za Kulwa ambazo zinanitosha bila shaka yoyote. Nilikuwa naanguka upande wa Kwihara huko mpaka watoto wanakaa kunisubiri nianguke. Nikazoea. Nikaanza hata kuipenda, jambo ambalo sijamwambia mtu.

Lakini njia ile sikuipita. Mpaka jana.

Nimeosha upande wa kushoto wote. Tangi limetoka jekundu, na ile stika ya simba aliyoibandika Kulwa kichwa chini bado ipo. Maji ndooni yamekuwa meusi tii. Jirani amepita nyuma ya ua akaniuliza, "Fundi, unaosha au unalima?" Nimecheka kidogo kwa adabu.

Basi niandike, maana nimezunguka vya kutosha.

Jana mvua ilikuwa imepumzika, nikasema nikapaone tu mahali penyewe, basi, nigeuze. Nilifika korongoni mchana. Maji yalikuwa machache, hayafiki hata kifundo cha mguu. Nilisimama pale muda mrefu. Nilitegemea nitasikia kitu moyoni, nikasikia joto na inzi. Nikavuka. Kwenye kupanda ng'ambo, tairi ya nyuma ikazama kwenye lile tope jeusi. Nikitia moto inachimba. Nikisukuma, miguu inazama. Nikajaribu majani, tairi ikayameza. Nilitukana peke yangu matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Kando ya njia, pale juu, kulikuwa na lundo la mawe. Si kubwa, linanifika chini ya goti. Nikadhani kuna mtu anakusanya ya kujengea kalavati, au wenye magari wameyaweka kwa ajili ya watu wajinga kama mimi. Nikashuka nayo kwa mafungu, nikayapanga chini ya tairi, nikayakanyagia vizuri. Nikatia moto. Pikipiki ikaruka juu kama mbuzi, nusura iniache. Nikafurahi. Nikavua kofia ngumu nifute jasho, uso umejaa tope, nikageuka.

Mama mmoja alikuwa amesimama na ndoo ya maji kichwani.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Alikuwa mwembamba, wa rika la mama yangu au zaidi kidogo. Hakunitazama mimi tu. Aliitazama pikipiki, akalitazama tangi, akayatazama mawe kwenye tope, halafu akanitazama tena usoni. Akaitua ndoo polepole bila kumwaga. Akapiga magoti kwenye njia.

"Shikamoo," akaniambia.

Sisi tumelelewa na neno hilo. Mdogo ndiye anaamkia, mkubwa ndiye anaitikia. Tangu nimezaliwa hakuna mama wa umri ule aliyewahi kuniamkia. Na bado mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea tu, maana sikio likisikia shikamoo mdomo una jibu lake tayari.

"Marahaba," nikasema.

Akainamisha kichwa. Akasema kitu kwa Kinyamwezi ambacho sikukipata chote, kisha akageukia Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi. Nayaandika nilivyoyasikia.

"Ulipouliza, mimi nilikuwa nimetoka kuvuka. Maji yalikuwa hapa." Akagusa kifundo cha mguu wake. "Nikakwambia pita. Sikujua kama huko juu imenyesha. Kila nikipita nakuwekea jiwe. Wengine nao wananisaidia. Sasa umekuja unayatoa. Basi hujaniwia radhi."

Ndipo nikaelewa mawe yale ni nini. Na nikaelewa mimi kwake ni nani.

Hiyo nayo ni desturi ya njia ile, na niliijua, bibi alitusimulia tukiwa wadogo. Mpagazi akifa safarini wenzake hawawezi kukaa, wanamfukia kandokando ya njia, na kila anayepita baada yao anaacha jiwe au jani. Kulwa alikuwa akipita kwenye lundo la namna hiyo anasimama anatupia jiwe. Tena mbugani hakuna mawe. Ni udongo mweusi mtupu, ukichimba unapata udongo mwingine. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mawe yale yametoka wapi. Yalibebwa kutoka mbali, moja moja, na watu ambao sisi hatukuwajua kabisa, wakimwekea ndugu yangu. Mimi pacha wake nikayatia chini ya tairi.

Ningeweza kusema. Ilikuwa ni sentensi moja tu, mimi siye, mimi ni mdogo wake. Mtoto wa darasa la kwanza angeisema.

Nilivaa kofia, nikawasha, nikaondoka.

Kwenye kioo cha pembeni nikamwona ameshuka kwenye tope, kapiga magoti tena, anayatoa mawe kwa mikono. Halafu njia ikakata kona.

Niliendelea kwa njia ya kuzunguka ili nisirudi kumpita. Huko chini ya injini kitu kikaanza kugonga. Kok, kok, kok. Nikapunguza mwendo, kikagonga polepole. Nikaongeza, kikagonga haraka. Nikajua nimeua injini. Kimegonga mpaka hapa uani.

Mke wangu alipoona nimelala na soksi alidhani nimeugua malaria. Nilimwacha adhani hivyo.

Sasa hivi nimekipata kilichokuwa kinagonga.

Kuna bati nene linaloikinga injini kwa chini. Tope lilikuwa limejaa pale kati, nikawa nalikwangua kwa mkasi, mkasi ukagota. Nikatia mkono. Ni jiwe. Jeupe, lina vichembe vya kung'aa, kama yale ya kule kwenye vilima. Linaenea kiganjani. Limelainika upande mmoja kwa kushikwashikwa, au labda nimejitia tu kuona hivyo.

Nimekaa nalo.

Mtu anaweza kusema niliondoka kwa sababu ya hofu. Hofu ilikuwepo. Lakini hapa naandika mambo yangu, na nikidanganya hapa sijui nitasema kweli wapi. Aliposema "nikakwambia pita," kabla ya huruma, kabla ya kitu chochote, nilisikia moto kifuani. Ndiye huyu. Nimempata. Na nilipovaa kofia nilijua kabisa nafanya nini. Nilitaka abaki vile. Nilitaka alale na lile jambo kama nilivyolala nalo mimi.

Na amelala nalo. Jana usiku kuna mama amelala akijua kwamba marehemu amemtokea mchana kweupe, ameitikia salamu yake kama mkubwa wake, amemsikiliza mpaka mwisho, kisha amemgeuzia mgongo.

Hata mnene hakuwa. Ndoo yenyewe ilikuwa imezibwa tundu kwa kipande cha sabuni.

Mchana. Wamerudi.

Mama huwa haipiti pikipiki hii karibu. Anazunguka upande wa jikoni. Leo aliingia na khanga yake ya ibadani, akaniona nimekaa juu ya ndoo, nusu ya pikipiki inang'aa na nusu ni tope, na jiwe mkononi. Hakuzunguka. Alikuja akasimama mbele yangu, akauliza nimepata wapi jiwe jeupe mjini.

Nikamweleza. Yote, hata ile ya kutaka abaki vile. Sikupanga kuisema hiyo.

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Nilitegemea atalia, au ataniambia niombe. Aliuliza kama yule mama ana wajukuu. Nikasema sikuuliza. Akauliza kama alikuwa na viatu. Nikasema sikumbuki, halafu nikakumbuka, hakuwa navyo. Akalichukua jiwe akaligeuza huku na huku.

"Kulwa aliwahi kumnunia mtu?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Na ni kweli. Kulwa alikuwa anagombana na mtu asubuhi, mchana anakula kwake. Mwenye kununa alikuwa mimi, tangu utotoni, naweza kununa wiki nzima na nisikumbuke nilianzia wapi.

"Basi umemsingizia mwanangu," akasema. "Amekufa hana kinyongo na mtu, wewe umekwenda na sura yake ukamfanya mwenye kinyongo. Kuna mtu huko sasa hivi anamwogopa Kulwa."



Hakuna aliyewahi kumwogopa Kulwa. Hata ng'ombe hawakumwogopa, na alikuwa anawachoma sindano. Misimu miwili nimekwepa vioo kwa kumwogopa yeye, nikidhani ndiye anayenifuata. Kumbe aliyekuwa anazunguka njiani hajatulia ni mimi, na buti zake, na tangi lake jekundu, nikitafuta wa kumlaumu. Mzimu uliomtokea yule mama ni fundi cherehani wa Gongoni.

Mama akalifunga jiwe kwenye pindo la khanga. Akasema kesho tunakwenda. Nikadhani anamaanisha tutatafuta gari. Akasema hapana, kwa pikipiki hiyo hiyo, atakaa nyuma, kwa sababu yule mama aliiona pikipiki na anapaswa kuiona tena ikiwa imebeba mama mtu. Nikamwambia njia ni mbaya, tutaanguka. Akasema nitaendesha polepole kama ninavyoshona, wateja wananilalamikia kila sikukuu. Mke wangu alikuwa mlangoni, akacheka, na mama naye akacheka kidogo. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka karibu na pikipiki hii.

Halafu akanionyesha ule upande wa tope.

"Na hii uimalize. Hatumwendei mtu na tope la pale."

Basi nimeimaliza. Nimebadilisha maji mpaka yametoka meupe. Nimeondoa tairi ya nyuma nikasafisha mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikaupaka oili. Nimefungua chujio la hewa, nimelikamua, nimelianika. Nimepita kila spoki na kitambaa, na vitambaa ndicho kitu pekee ninachokiweza. Nilipofika kwenye kioo cha pembeni nilikifuta mara ya kwanza bila kukitazama, nikakifuta tena nikakitazama. Tope lilikuwa limenikauka kwenye shavu. Nikaliosha.

Lile tope lote lililotoka nimelizoa kwenye karai. Sikuweza kulimwaga kwenye mtaro. Mke wangu ameuliza kama nalifuga, nikamwambia tutalirudisha. Ametikisa kichwa akaniletea mfuko wa unga mtupu wa kulitilia. Ni udongo wa mahali alipoishia Kulwa, na bibi hayupo tena wa kunikataza. Kesho, mawe yakisharudi mahali pake, nitautia kwa mikono yangu. Nikilia nitalia.

Ila kuna jambo la kufanya kwanza kabla ya hilo, na ndilo linaloninyima raha jioni hii. Wingu limeondoka, pikipiki imesimama uani inang'aa, na mimi nazunguka nayo nikijisemesha mpaka mke wangu anachungulia dirishani.

Nawaza yule mama wa korongoni akituona atafanya nini. Huenda akakimbia. Huenda akapiga magoti tena, nami sitakubali afike chini. Lazima niwahi. Nizime injini mbali, nivue kofia, mama ashuke ili aonekane, kisha niende kwa miguu, na kabla hajafungua mdomo niseme mimi, kwa sauti ya mtu aliye hai, mdogo kwa mkubwa wake.

Shikamoo, mama. Mimi naitwa Doto. Kulwa alikuwa kaka yangu, naye hakujua kununa.

Nimejizoeza mara nyingi sasa. Mpaka "naitwa Doto" naweza. Hapo kwa Kulwa ndipo sauti inakatika, naanza upya.